Uvimbe wa Kifuani Uliohamia Mgongoni

Tassia, Nairobi
14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Mwanzia,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Joto la huko Doha limepungua? Unakula vizuri, au bado ni chai na mkate tu?

Siku hizi naikumbuka sana Majengo. Unakumbuka tulivyokaa nje ya chumba chetu tukisugua kwa msasa twiga wa mbao aliowachonga Baba, kisha tukiwapaka kiwi ya viatu mpaka viganja vinakuwa vyeusi? Uliwahi kuvunja sikio la mmoja, nikasema ni mimi. Baba akacheka tu. Nimepata muda mwingi wa kukumbuka kwa sababu nimekuwa kitandani, Mwanzia. Kwa simu nilikudanganya kuwa niko mzima.

Mgongo ulianza kuuma Aprili. Nilidhani ni mitungi ya maji ninayopandisha ghorofa ya nne, nikawa nameza dawa za maumivu. Asubuhi moja nimefika dukani, binti yangu Shirleen akaniuliza, "Mathe, slipa yako ingine iko wapi?" Ilikuwa imenitoka kwenye ngazi, wala sikuhisi.

Hospitalini walishuku TB ya mgongo, vipimo vikaonyesha siyo. Ndipo Daktari Iqra akaliona lile kovu langu la kifuani unalolijua.

"Hapa walitoa nini, mama?"

"Uvimbe kwenye tezi ya thaimasi, ile iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Lakini ni miaka sita sasa, nilipona."

Akaomba ripoti ya zamani. Picha ya MRI ilionyesha kitu kimeubana uti wa mgongo. Wakachukua kipande kwa sindano, wakakipima: ni uvimbe uleule. Kufika mgongoni ni nadra sana; hata yeye hakuwahi kuona mgonjwa mwingine wa namna hiyo.

Nililia. Nilitamani Mama angekuwepo, anikande miguu kwa mafuta ya mbarika kama alivyokuwa akitukanda utotoni.

Walinipasua Julai, na mionzi nimemaliza wiki jana. Natembea kwa mkongojo mpaka mwisho wa korido. Daktari hakunificha: uvimbe umebaki kidogo, na hawezi kuniahidi miaka.

Nilinyamaza nikiogopa utaacha kazi. Nilikosea, nisamehe. Usitume chochote. Njoo Desemba, nikufungulie mlango nikiwa nimesimama.

Shirleen na Mama mdogo Wavinya wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko ugenini, akulete salama.

Wako, dada anayekupenda siku zote,
Nthambi