Usiguse Waya Kabla Sijarudi

Kambere mjukuu wangu,

Sombe iko jikoni, uipashe moto. Mimi nimeshika njia ya Beni kwa sababu ya mdomo wako.

Karani aliyekuja asubuhi alieleza kwa adabu: kibali chako cha ufundi wa umeme kina muhuri wa Kinshasa, na tangu vita vigawe nchi, ofisi yao inataka muhuri wa hapa Butembo. Nawe ukamjibu: "Mais papa, courant haijuake mupaka!" Eti umeme haujui mpaka! Ukacheka, mbele ya askari wake wawili! Sasa amekichukua kibali, na ukikutwa kazini utafungwa.

Wanadai barua ya fundi aliyekufundisha. Mzee Ignace anaishi Beu, huko huko Beni, na kwenye vizuizi vya barabarani mwanamke mzee husumbuliwa kidogo kuliko kijana.

~~Usiguse waya wowote hadi nirudi.~~ Mstari huo nimeufuta. Taa za maternite zikizimika mama akiwa anajifungua, masista wakakuita, nenda. Askari wakikuuliza kibali, wajibu kwa heshima, bila kucheka, kwamba aliyekutuma ni mimi, na kesho nitakuja kufungwa mwenyewe.

Nyanya yako,
Katungu