Sauti ya Rosebella Ajiko Bado Iko Hewani

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke, na kila asubuhi bado tunakusikia redioni.

Ulianza ukiwauzia chai na chapati madereva waliokwama kwenye foleni ya Malaba, ukiwaombea kabla hawajavuka kwenda Uganda. Redio ikasikia habari zako, ikakuita. Kwa miaka kumi na minne uliendesha Neema ya Foleni, kipindi cha maombi, mazungumzo na makaripio. Wake walipiga simu wakitafuta waume zao, nawe ukawaita kwa majina hewani. "Boss, Mungu nimeshamwambia. Sasa wewe ambia bibi yako uko wapi!" Busia nzima ilicheka, na jioni mtu alipiga simu nyumbani.

Chai uliinywa kwa kelele mbele ya maikrofoni. Ukiambiwa, ulijibu kwamba hata malaika wanajua ni ya moto.

Ulipofariki, wasikilizaji waliisihi redio irudie vipindi vyako vya zamani. Sisi familia yako tulikubali kwa furaha. Hatukumfikiria Duncan, kifungua mimba wako, aliyeondoka na malori akiwa taniboi, msaidizi wa dereva, na kuapa hatarudi mikono mitupu. Simu yake haikupatikana. Tuliuliza Kampala, tukauliza Juba, mwishowe tukakuzika Funyula bila yeye.

Mwezi uliopita dereva Mutua alikutana naye Tororo, akamuuliza habari za nyumbani.

"Mathe ako poa, boss. Namsikia kila asubuhi. Nikipata kitu kidogo nitaenda kumuona."

Mutua alishindwa kumwambia, akatupigia simu sisi. Tulipofika Tororo, lori la Duncan lilikuwa limeshaondoka.

Mama, tumeishiwa nguvu. Mumeo, Mzee Okwara, hali wala halali. Tunaomba hadi maneno yanatukauka mdomoni, na aliyejua kuomba katika nyumba hii ni wewe.

Tumeiomba redio ikunyamazishe. Tusamehe. Leo ndiyo mara ya mwisho. Kesho, saa ya kipindi chako, Mzee ataketi kwenye kiti chako amwambie mwanawe kwamba mama yake alikufa. Kama Duncan atakuwa ameshafika mahali redio yetu haifiki, hatujui tena la kufanya.

Hatutakusahau kamwe. Ni sisi: mumeo Willis Okwara, binti zako Brendah na Carolyne, dada yako Wilkister, na Duncan, ambaye asubuhi ya leo bado anakusikiliza.