PV za Adolphe, Mwandiko Wangu

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Orodha imebandikwa leo saa nne, mlangoni kwa katibu. Nafasi tatu za kupanda cheo hapa polisi, kuwa sous-commissaire adjoint. Mimi ni wa nne. Wa nne! Na wa kwanza — Adolphe.

Nimeisoma mara tatu, nikidhani joto hili la Oktoba limenipanda kichwani. Adolphe na mimi tuko ofisi moja, meza mbili, mwaka wa tisa sasa. Yeye anahoji watu, mimi ninaandika PV, yaani maelezo yao yanayokwenda mahakamani. Mtu aliyeniuliza wiki jana tu "perquisition", yaani upekuzi, inaandikwaje, ndiye amenishinda mtihani wenye dictée, imla ya Kifaransa!

Mtihani uliopita ulikuwa 2016. Ujao, nani anajua? Nina miaka arobaini na tisa, na mwisho wa kufanya ni hamsini. Nisipopanda sasa, nitastaafu nikiwa brigadier chef kama nilivyo leo.

Nimempongeza. Nimecheka hata. Kuna kitu hapa.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekumbuka mambo. Siku ya mtihani Adolphe alikuja bila kalamu, akaazima. Nani anakwenda kwenye mtihani bila kalamu? Mwenye majibu tayari! Na kulikuwa na karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa shati lake, niliiona kwa macho yangu. Nikajiambia ni ratiba ya kwaya. Mjinga mimi.

Halafu Bertin, katibu wa kamishna. Yeye ndiye aliyekunja kona ya kila karatasi ili jina lisionekane, akapiga stapler, akaandika namba. Aliyezikunja anaweza kuzikunjua. Leo asubuhi kaniambia bonjour mara mbili. Kwa nini mara mbili?

Na mume wangu. Kila Jumapili baada ya misa Georges anakunywa bia moja na Adolphe. Nimemuuliza wanaongea nini. Kasema mpira. Miaka yote hii mpira tu? Kasema nina homa, nilale. Simtoi kwenye orodha yangu bado.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimedai kuona alama zangu. Ni haki ya kila aliyefanya mtihani, imeandikwa kwenye kanuni, nami kanuni nazijua. Bertin kanizungushazungusha — ufunguo haupo, kamishna katoka, rudi saa nane. Saa nane nilikuwa mlangoni. Saa nane na nusu kafungua kabati.

Maandishi: mimi hamsini na moja juu ya sitini. Adolphe ishirini na tisa.

Nikauliza basi vipi! Bertin kafunua ukurasa wa pili bila kuniangalia. Alama arobaini ni za dossier, yaani kazi uliyofanya miaka mitano hii. Wamehesabu PV zenye sahihi ya kila mtu. Adolphe ana PV thelathini na moja, kapewa alama thelathini na nane. Mimi kumi na mbili. Jumla yake sitini na saba, yangu sitini na tatu. Wa tatu ana sitini na nne.

Kwa hiyo hakuna aliyeiba maswali. Ningefurahi zaidi kama wangeiba! Maana zile PV za Adolphe nimeziandika mimi, kuanzia tarehe juu hadi nukta ya mwisho. Yeye Kifaransa cha kuongea anacho, cha kuandika hana. Anahoji kwa Kiswahili, anakuja mezani kwangu, ananisimulia, mimi ninaandika kwa Kifaransa cha Mulungwishi nilikosoma, yeye anatia sahihi. Ndivyo tunavyofanya hapa wote, hakuna aliyewahi kuona ubaya. Nimempikia mtu chakula miaka mitano, leo anashiba mbele yangu.

Hasira hii siwezi kuieleza. Nimekwenda kukaa kwenye gari bovu uani mpaka ipungue. Haikupungua.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa nimeandika rufaa kwa tume ya mitihani, Lubumbashi. Kurasa mbili. Nimesema wazi: PV thelathini na moja za bwana Adolphe ni kazi ya mkono wangu, linganisheni mwandiko. Georges kaisoma akasimama. Kauliza kama nilikuwepo watu hao walipohojiwa. Nikamjibu swali hilo linahusu nini hapa, mimi nadai alama. Kaenda kunywa bia yake. Na Adolphe, bila shaka.

Jumanne, 15 Oktoba

Barua imeondoka jana na leo Adolphe anaijua. Nani kamwambia? Bertin au Georges, mmoja wao. Labda wote wawili.

Alifunga mlango kwanza. Kisha:

"Mama Bibi, ile lettre yako, tuma ingine useme ulijidanganya. Siko nasema juu ya grade yangu. Weye hauone mbali."

Nikamuuliza kama ananitisha. Kasema hapana, kakaa, kaanza kuchonga penseli ambayo hata haandikii. Hapana gani hiyo? Mtu mwenye nyota mpya begani haji kukubembeleza bure. Anajua nikishinda atashuka. Sitaifuta barua yangu. Hata neno moja!

Jumatatu, 21 Oktoba

Wamejibu! Siku saba tu, na hapa kwetu hata ruhusa ya msiba inachukua wiki mbili. Upesi huu siupendi. Inspekta anakuja Alhamisi, na ofisi iandae PV zote thelathini na moja.

Bertin kazitoa kabatini, kazifunga kwa kamba, kaziweka mezani kwangu. Kasema bonjour mara moja.

Alhamisi, 24 Oktoba

Inspekta ni mwanamke, ana miwani, ni mpole kupita kiasi. Mpole wa namna hiyo nilimwogopa tangu salamu. Kanisifia mwandiko. Kanisifia Kifaransa. Kasema haki yangu ni ya wazi kabisa, na kwamba kila PV nitakayoidai itahamia kwenye dossier yangu. Chini ya ishirini tume haihamishi kitu; nikithibitisha ishirini tu, napanda. Nilikaribia kumkumbatia.

Kisha katoa fomu. Kwa kila PV nitajaza mistari miwili: kwamba niliandika mimi, na kwamba wakati wa kuhojiwa nilikuwepo au sikuwepo. Kasema ni utaratibu tu.

Sikuwepo. Sijawahi kuwepo hata mara moja.

Inspekta kavuta PV moja kutoka katikati — hakuitafuta, alijua iko wapi. Kalenga, mchimbaji wa Kamatanda, alikamatwa mwaka jana karibu na nyaya za shaba zilizoibwa kiwandani. Alihukumiwa miaka mitatu gerezani. Ana mwaka na miezi miwili ndani. Wakili wake amekata rufaa, anasema mteja wake hakukiri kamwe na hajui Kifaransa, basi hiki Kifaransa kizuri ni cha nani?

Kwa hiyo hakuja kwa ajili yangu. Barua yangu ilimkuta tayari anatafuta mwandiko. Nami nikajipeleka na kurasa mbili!

Kasema nifikirie hadi kesho. Kwa upole.

Jioni kabla ya kutoka nilimshika Adolphe uani. Nilimuuliza Kalenga alisema nini siku ile, neno kwa neno.

"Alisema: minye nilikuwa pale, naliona bantu banabeba ile kamba ya shaba, nikakimbia. Njo ile tu."

Nikamwambia lakini PV inasema amekiri.

"Ile ni weye uliandika, Mama Bibi. Minye nilikwambia iko pale, basi. Nikasoma français yako, nikaona ni muzuri. Nikafikiri njo ginsi banaandikaka."

Nilitaka kumwambia ni mwongo. Na ile Jumanne alipofunga mlango, kumbe hakuwa ananitisha, alikuwa ananionya.

Ijumaa, 25 Oktoba

Saa tano. Inspekta katoka uani kupiga simu, kaniacha na PV na fomu zake. Naandika haraka kwenye kaye hii, daftari langu, nimeiweka juu ya magoti.

Kanipa utaratibu rahisi. Rundo la kushoto: zangu. Rundo la kulia: za Adolphe, nisizozijua. Nilizoweka kulia hataniuliza kitu.

Nimeanza na nyepesi. Ugomvi wa soko, pikipiki iliyogonga mbuzi, kitambulisho kilichopotea. Hizo sioni hatari yoyote, niwepo nisiwepo. Nimepata kumi na mbili. Nikasema nitafute nane nyingine za namna hiyo, basi nitakuwa sous-commissaire adjoint, na ya Kalenga itakwenda kulia na Adolphe atajua mwenyewe. Ni sahihi yake! Nani alimlazimisha kutia sahihi?

Nane hazipo. Katika zilizobaki, watu wote wamekiri.

Nimezisoma moja baada ya nyingine. Nina sentensi yangu. Mwalimu wa Kifaransa aliwahi kunisifia kwa sentensi za namna hiyo: kwamba fulani anakiri kwa hiari yake kamili, bila kulazimishwa, mambo yote anayoshtakiwa. Kwa Kifaransa inateremka vizuri zaidi. Nilikuwa ninaiweka mwisho kwa sababu PV bila hiyo ilionekana kama haijaisha. Adolphe akisema "alikuwa pale", ninaiweka. Akisema "alilia", ninaiweka. Nilikuwa ninaiweka huku ninafikiria mboga ya jioni.

Watu kumi na tisa. Mwizi wa betri, mama wa duka, wavulana wawili wa Kakanda, Kalenga. Wote wamekiri kwa sentensi moja, na haina hata koma tofauti. Wangapi walifanya kweli? Sijui. Adolphe ndiye alikuwa mbele yao. Labda naye hajui, maana alisoma nilichoandika mimi akaamini.

Wiki mbili hizi nimemshuku Bertin kwa bonjour mbili. Nimemshuku mume wangu kwa bia. Naona haya.

Nikiziweka zote kushoto, zinatosha na kuzidi, napanda — halafu fomu: sikuwepo, sikuwepo, sikuwepo, mara kumi na tisa, kwa mwandiko huu huu. Nadhani mtu anayejaza hivyo havishwi nyota, anavuliwa hata alizonazo. Nikiziweka kulia, nina kumi na mbili, nabaki wa nne, nastaafu na amani yangu. Na hao kumi na tisa wanabaki walipo.

Ya Kalenga nimeihamisha mara mbili. Kulia. Kushoto. Sasa iko juu ya kaye.

Inspekta amerudi. Kakaa, kafunua kalamu yake, anauliza hii ya Kalenga ni ya rundo gani. Nimemwomba aniache kwanza nimalize mstari huu.