Nyumba ya Popo Pale Shieywe

Jumamosi jioni. Mvua imeanza saa nane na haina haraka ya kwenda popote.

Wacha niseme, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Namwonea Khasandi wivu. Mdogo wangu wa tumbo moja!

Mashamba yetu ya miwa kule Ekero yamepakana. Tulivuna pamoja, tukalipwa siku moja. Mimi nikanunua seti ya sofa, kubwa mpaka mlango wa sebule haufunguki wote. Yeye akanunua kile kigofu cha Shieywe, eti akitengeneze apangishe. Madirisha bila vioo, popo wamejaa darini, choo kimemezwa na nyasi. Nilicheka mpaka machozi. Nikawa namwita Mama Popo mbele za watu.

Akashinda pale na fundi, kitambaa kichwani, akikwangua kuta mwenyewe. Akaezeka mabati mapya, akapaka rangi ya maziwa. Siku hizi watu wakipita wanapunguza mwendo kuiangalia.

Nami napunguza. Inaniuma, jamani.

Leo alienda matangani, akaniachia ufunguo nimwonyeshe mpangaji wa kwanza. Pesa yake yote imeishia kwenye nyumba ile, na karo ya binti yake inangoja kodi. Hayo nayajua vizuri.

Asubuhi, kabla ya mvua, akaja muuguzi mmoja mpole. Akapita chumba hadi chumba akigusa kuta: hapa kitanda, hapa watoto. Nikawaza Khasandi atakavyoruka kwa furaha. Mayi wee, roho ikanikunjamana.

"Inavuja," nikasema. "Mvua ikinyesha hamlali."

Hakuna aliyenituma.

Yule mama akanishika mkono. "Asante kwa kuniambia ukweli, dada. Wengine hufichanga." Akarudi Lurambi kwa shemeji yake, wanakobanana na watoto chumba kimoja.

Baadaye Khasandi akapiga simu. "Dada, ameipenda?" Nikasema simsikii vizuri, nikakata. Nilimsikia vizuri kabisa.

Kesho nikitoka kanisani nitaenda Lurambi kumtafuta yule muuguzi. Lakini nitamwambia nini? Kwamba paa limepona usiku mmoja? Au nimwambie tu kwamba nyumba ni nzima, mbovu ni mimi?

Mvua bado inanyesha. Kule Shieywe haliingii hata tone.

Kwangu nimeweka sufuria juu ya sofa.