Kwamboka Uliyesema Humjui

Kwa dada yangu Moraa, Nyamache.

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu shemeji Zakaria na wanao watano. Mu wazima? Mvua imeyafaa majani chai? Wale ng'ombe wawili bado wanakamuliwa? Mimi nipo. Jipu la ziwa la kushoto limepasuka na kukauka, homa imeniacha, sasa naweza kushika kalamu. Kwamboka ana meno mawili na kikohozi kisichoisha.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu barua zetu wafungwa husomwa ofisini kwanza, na huku hakuna ajuaye Ekegusii. Katika zile barua mbili za mwanzo niliandika "pombe yangu", ili anayesoma aamini hivyo. Leo siandiki hivyo. Pombe ilikuwa yako, dada, na anayesoma asome. Nimekasirika, nakwambia mapema usije ukahangaika kuitafuta hasira yangu ilipo.

Unaikumbuka ile Ijumaa. Ulikuwa umeshapika chakula cha Sabato, shemeji yuko kanisani na wazee wenzake, mara askari wa chifu wakatoka kwenye migomba wamebeba pipa lako na mitungi miwili. Ukanivuta nyuma ya jiko.

"Kerubo, sema ni yako."

"Aa, Moraa! Yangu namna gani?"

"Wewe uko na tumbo. Hakuna jaji anaweza funga tumbo. Bibi ya Ombati si walimrudisha nyumbani wakati ya mkoloni? Mimi wakinishika, Zakaria anatolewa kwa kanisa. Sema tu. Jumatatu uko nyumbani."

Niliamini. Nadhani hata wewe uliamini, na kwa hilo sikulaumu. Kijiji kizima kiliamini kwamba serikali haifungi mwenye mimba. Tena tangu Baba na Mama watutoke, ni wewe uliyenilea. Ulipoolewa ulikuja nami. Yule fundi cherehani aliponipa mimba akatorokea Kisumu, hukunifukuza. Ningekataaje? Hakimu alinitazama tumbo, akaandika, akasema, "Kule kuna mkunga." Mwaka mmoja na nusu. Nikageuka kukutafuta kwenye benchi za nyuma, nikauona mgongo wako ukitoka mlangoni.

Wiki za kwanza nilibeba mawe ya ukuta pamoja na wasio na mimba, mpaka nikaanza kutokwa na damu. Aliyeniokoa ni askari mmoja wa kike, Bibi Selina, Mluhya wa upande wa Mumias, mnene, mwenye sauti ya kufukuza kuku. Aliingia ofisini akamwambia mkubwa wake kwamba aliyehukumiwa ni Kerubo, si aliye tumboni, na kwamba yeye hatazika mtoto wa mtu. Nikatolewa kwenye mawe nikapewa kushona magunia nimeketi. Wajawazito wengine watatu wakatolewa pia. Hata kikombe cha maziwa cha asubuhi alikipigania kikaja, ingawa siku nyingine ni maji yaliyoonyeshwa maziwa kwa mbali.

Uchungu ulinishika mchana nikiwa na sindano mkononi. Lori la kunipeleka hospitali lilikuwa limekwenda kuni. Wafungwa wenzangu wakashika blanketi kunisitiri, Selina akapiga magoti. Nilikuita wewe, Moraa. Najua ni ujinga, lakini ndilo jina lililonitoka.

Mtoto alipokwisha kulia, Selina alishika beseni lenye kondo la nyuma akaniuliza, "Kwenu huzikwa wapi?" Nikamwambia chini ya mgomba, karibu na mlango wa mama. Akachungulia uani, hapa hata mgomba mmoja hakuna. Akalizika penye kabichi, akarudi ananawa mikono. "Nimewaomba radhi wazee wenu," akasema. Siku ya pili alileta unga wa wimbi kutoka nyumbani kwake, nikanywa uji kama mzazi mwingine yeyote wa kwetu.

Sasa kumbuka tulivyoahidiana. Ulizaa wavulana watano, na kila mara ulilia kidogo, si kwa kumchukia mtoto, ila kwa sababu jina la Mama lilikuwa bado linangoja. Ulisema atakayetangulia kupata msichana amwite Kwamboka, na sisi sote tumwite mama. Ndilo jina nililoandikisha kwenye daftari la gereza. Nilikuandikia hayo katika barua ya pili, nikidhani utapiga vigelegele.

Ziwa lilipovimba, muuguzi alisema hilo moja lililobaki halimtoshi mtoto, na kikohozi kile kinataka maziwa ya ng'ombe. Ndugu aje amchukue, la sivyo atapelekwa kwenye nyumba ya watoto wasio na wenyewe. Nikatoa jina lako bila kufikiri, ofisi ikakuandikia. Miezi sita tu niliyobakiza, Moraa. Na wewe una ng'ombe wawili.

Jibu lako lilifika Jumanne. Selina alianza kunisomea, akaikunja kabla hajamaliza. Nikaiomba karatasi. Sikuwa na haja ya kuuliza nani kaandika. Ile K yenye mkia tulifundishwa na mwalimu mmoja. "Mwanamke huyo alikuwa mfanyakazi wetu wa nyumbani. Mtoto wake Kwamboka hatumjui, wala si wa ukoo wetu."

Kwanza nilicheka. Halafu nililia hata maziwa yale machache yakagoma siku nzima. Naelewa: ukimpokea mtoto, kanisani watauliza upya mama yake kafungwa kwa pombe ya nani. Naelewa yote hayo, na sijakusamehe. Ulinitoa mimi ili nyumba yako isimame. Sawa, nilikubali mwenyewe. Huyu mtoto hakukubali kitu.

Usihangaike na safari. Alhamisi mama mzazi wa Selina anakuja kumchukua Kwamboka, amlee Mumias mpaka nitoke. Ofisi imekubali, nami nimetia sahihi. Mama mgeni kabisa, hajawahi hata kuniona, ameshamtafutia mbuzi wa maziwa.

Nisalimie wanao, hasa Nyakundi, aliyezoea kulala mgongoni kwangu. Mwambie shemeji Zakaria namtakia Sabato njema. Nisalimie na yule mama wa duka la Kihindi pale sokoni, nilikokuwa nikinunua sukari guru ya pombe yako. Alinitumia flana mbili za mtoto bila kuandika jina, lakini zilinukia dalasini ya dukani kwake. Mwambie zimemtosha.

Kuhusu mimi, usijali. Kuitwa mfanyakazi wako naweza; nilikufulia, nilikupikia, na nimefungwa kwa ajili yako. Lakini siku utakayokwenda kupalilia kaburi la Mama, palilia kimya kimya. Usimwite. Umeshaandika kwa mkono wako kwamba Kwamboka humjui.

Ni mimi, aliyekuwa mfanyakazi wako wa nyumbani,

Kerubo