Ulimwaga Mtogwa kwa Ajili ya Elia

Mama,

Kamwene. Sijui huko mnasalimianaje, lakini huku Ipogolo jua linashuka na ndiyo kwanza namaliza kuosha masufuria ya arobaini yako ya jana. Watu walikula wakashiba. Pilau iliungua kidogo chini, na shangazi akasema mbele ya wote kwamba wewe usingeiacha iungue. Hilo nililimeza. Nakuandikia kwa jambo jingine, ambalo siwezi kumpelekea mchungaji: nina wivu, Mama, na unamhusu mwanao wa Mbeya.

Tangu tulipokuzika Elia amekuwa mtu mkubwa. Baada ya mazishi hakukimbilia kurudi Mbeya, Mwanjelwa, kwenye duka lake la simu. Alikaa hapa wiki nzima, kwenye kiti chako, akipokea wageni. Kila aliyekuja kutoa pole aliondoka na habari za kile kichupa. Ile dawa ya majaribio, peptaidi, ambayo Elia aliisoma kwenye simu kwamba inafufua kongosho. Anawaambia sukari haikumuua mama, mama kachukuliwa na moyo, sukari tuliishinda. Tuliishinda! Yeye na nani?

Nani alikuwa anashuka barabarani kuupokea mzigo kwenye basi, kichupa kimezungushiwa barafu ndani ya chupa ya chai? Anyesi. Nani alikuwa anachanganya ule unga mweupe na maji ya sindano, anakuchoma tumboni huku wewe umegeuza uso? Anyesi. Mkono ulikuwa wangu, sifa zikapanda basi kwenda Mbeya. Na ukishachomwa unaomba simu umshukuru. Kabla ya kupiga unafunga kitambaa kichwani, kwa sababu kwenye simu yake mnaonana. Mimi niliyekuona kila siku hukuwahi kunifungia kitambaa hata kimoja. Mimi ni Anyesi lete maji, Anyesi funga kuku. Yeye ni Baba. Baba yangu, umeshakula? Mtu mzima ana kitambi, unamuuliza kama amekula.

Haya. Ningekaa na wivu wangu kama nilivyokaa nao tangu tukiwa wadogo, ila mambo yakafika kwa Mama Tumaini. Jirani yako, mwenzako wa kwaya na wa kliniki ya sukari, mliyekuwa mnarudi naye mkiwasengenya manesi njia nzima. Alimwagiza Elia vichupa na yeye. Wiki iliyopita nilimkuta jikoni kwake, midomo imekauka, anakunywa maji kama ng'ombe wa Usangu. Kumbe ameanza kuruka insulini. Anasema anausafisha mwili ili dawa ya Elia ikija ikute njia nyeupe. Nikamgombeza mpaka nikasahau kwamba ni mkubwa wangu. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "mama yako ilimsaidia. Wewe si ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Na Elia naye analijua hilo, ndiyo maana aliniomba nisimame siku ya arobaini nitoe ushuhuda. Alisema mimi ndiye niliyekuwa nachoma, nikisema mimi wataamini.

Nikaenda kliniki, kichupa chako cha mwisho ndani ya mkoba. Sikwenda kwa ajili ya Mama Tumaini peke yake, wewe unanijua. Nilikwenda naomba Mungu daktari acheke. Nilitaka aniambie ni unga wa muhogo, nirudi nimuumbue Elia mbele ya wajomba. Daktari ni yule kijana mrefu uliyesema ana mikono ya baridi. Akakigeuza kichupa, akanionyesha maandishi madogo ya Kiingereza: ni cha utafiti wa maabara, si cha kutumia binadamu. Akanieleza taratibu kwamba peptaidi ni kipande kidogo tu cha protini, na kwamba wataalamu wameijaribu maabara na kwa panya, na panya wale kongosho lao lilionekana kupata nafuu. Kwa watu, bado. Waliojaribiwa ni wachache na kwa muda mfupi, haitoshi mtu kusema inaponya, au achomwe kiasi gani, au itamfanya nini huko mbele. Na hata ile ya maabara ikiwa nzuri, hiki cha Elia hakuna aliyepima kilichomo.

Nikambana. Kwa hiyo ni uongo?

"Sijasema ni uongo," akasema. "Nasema haijulikani. Na aliyewauzia naye hajui."

Nilitamani kulia, Mama. Haijulikani humpigi nayo mtu. Nikaanza kubisha, tena upande wa Elia, hebu fikiria! Nikasema sukari ilishuka, nilikuwa nampima mwenyewe. Ndipo akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu uondoke. Miezi ile mama alibadilisha nini kingine?

Nikafungua mdomo niseme hakuna. Nikakumbuka mtogwa.

Unajua nilivyoteseka na mtogwa wako. Maji ya mianzi, ulanzi uliogemwa asubuhi hiyohiyo, haujachachuka, mtamu mpaka nyuki wanaufuata ndani. Ulikuwa unasema huo si pombe, hata mzee wa kanisa anakunywa, kwa hiyo hauna dhambi, na kisicho na dhambi hakina sukari. Jagi unalificha nyuma ya pipa la maji. Nilikusihi, nikanuna, nikakuletea nesi nyumbani. Siku niliyolificha jagi ulikaa siku mbili hunisemeshi. Halafu Elia akatuma kichupa cha kwanza, akakwambia kwenye simu kwamba dawa hii haipatani na mtogwa, wala ugali wa usiku, na kanisani uwe unakwenda kwa miguu, bodaboda uziache. Ukakata simu. Ukaenda nyuma ya pipa, ukalimwaga jagi zima kwenye migomba, mbele yangu.

"Baba amekataza," ukasema.

Nilikwambia hongera. Jioni nikamenya viazi kwa hasira mpaka nikajikata kidole, ukaniuliza nina nini, nikasema kisu kikali.

Na insulini hukuacha hata siku moja, hilo nililisimamia mimi. Daktari aliposikia yote akasema ndipo ugumu ulipo: insulini ipo, mtogwa umekwenda, ugali umepungua, mtu anatembea, na kichupa nacho kimo. Atasimama nani aseme kilichoshusha ni hiki?

Nikatoka pale najuta kwenda. Maana nikitaka Mama Tumaini apone, lazima niwaambie watu habari ya mtogwa. Yaani nisimame mbele ya ukoo na kwaya nzima niseme kwamba mama alikuwa hanisikii mimi niliyekaa naye, akamsikia Elia kwa simu moja. Heri iwe dawa. Dawa ingeniachia heshima yangu. Nilipomdokeza shangazi, akaniambia nikae kimya, watu watasema nina wivu. Nikamwambia shangazi, ninao.

Jana nikasimama. Elia alikuwa mbele, shati jeupe, ameshaanza kutabasamu. Nikasema huenda dawa ilisaidia na huenda haikusaidia, mimi sijui, Elia hajui, na daktari niliyemuuliza hajui. Nikasema habari za insulini. Kisha nikausema mtogwa, wote, pamoja na jagi. Sauti ilikatika pale pa Baba amekataza. Nikarudia kwa nguvu, kwa sababu Mama Tumaini alikuwa amekaa nyuma kabisa.

"Mama Tumaini," nikamwambia, "mama hakuacha sindano. Ukiacha wewe, utatufia."

Na unajua walichofanya? Walimpigia makofi Elia! Mjomba akasema mtoto wa namna hii hapatikani, neno lake tu linashusha sukari. Kigelegele kikatoka jikoni. Na mimi nimesimama pale na kanga yangu, sina pa kuangalia.

Lakini Elia hakufurahi. Alinifuata kwenye masufuria, macho mekundu. Akaniambia hakuna mahali aliposoma kwamba dawa haipatani na mtogwa. Alitunga. Alitunga kwa sababu mimi ndiye niliyempigia nikilia kwamba mama haachi mtogwa, anakula ugali usiku, hataki kutembea. "Yalikuwa maneno yako, dada," akasema. "Mimi niliyafikisha tu." Akasema vichupa vya Mama Tumaini hataviagiza.

Ungedhani nitafurahi. Nimekesha na wivu mpya, Mama. Hata maneno yangu mwenyewe uliyataka yatoke Mbeya.

Leo mchana Mama Tumaini amekuja na insulini yake, friji lake bovu. Nimeiweka kwenye mlango wa friji letu, pale ilipokaa yako. Nikamwambia basi tuchome. Akasita, akaminya mdomo, akasema atachoma, ila kwanza amsikie Elia. Mwone mwanamke huyu! Nikapiga simu Mwanjelwa, Elia alikuwa amesharudi na basi la alfajiri, nikamnong'oneza cha kusema, nikampa Mama Tumaini. Kabla ya kuipokea alifunga kitambaa vizuri. Nikatoka nje kidogo nikalia, nikarudi nikamchoma.

Nakuahidi hivi. Kila siku nitamwambia Elia la kusema, naye atampigia. Maneno yangu, sauti yake, mkono wangu. Na hakuna atakayefia kwenye kliniki yenu kwa sababu ya kiburi changu. Wivu siahidi kuuacha, huo nimekua nao.

Pumzika sasa, Mama. Migomba uliyoimwagia mtogwa imezaa. Na siku ukipewa ruhusa ya kutujia ndotoni, anzia kwangu. Mbeya ni mbali.

Mimi niliyekuwa jikoni,
Anyesi