Hoja Niliyoikataa

Mwenyekiti Barasa,

Ni wiki ya sita tangu jeneza lako lipakiwe ndegeni kurudi Bungoma, na chama chako cha vijana kinakufa. Sikufichi. Watu wa Magharibi wamefungua kundi lao la simu, wa Mlimani lao, wa Pwani hawaji tena kikaoni. Katika jiko la kambi yetu ya wafanyakazi huku ugenini mtu ameandika ukutani kwamba sehemu hii ni ya Wakenya. Waganda wa ghorofa yetu husubiri tumalize ndipo wapike. Hakuna anayemsalimu mwenzake.

Nilikuwa katibu wako, mzee pekee mliyemkubali, kwa sababu nilifundisha shule miaka mingi na najua kuandika kumbukumbu za kikao. Unaikumbuka Ijumaa uliyotaka Waganda waingizwe chamani? Nilisema katiba ya chama inataja Wakenya, tena hoja haikuletwa wiki mbili kabla. Ukacheka.

"Mwalimu, foremani anatuita sote Afrika. Hiyo mipaka tunaijua sisi tu."

Vijana walicheka nawe. Mimi niliandika: hoja imekataliwa.

Siku uliyorudi kutoka kazi ya ujenzi kule Lusail ukitapika kwa joto, sisi tulikuwa bado kazini. Okello, Mganda uliyelala naye chumba kimoja, alikubeba mgongoni kushuka ngazi hadi getini, akapanda nawe gari la wagonjwa. Alikuwa nawe hadi mwisho. Sisi wanachama tulipata habari kwa simu.

Sasa nikiri. Katika ibada ya kukuaga, Okello alisimama ili aseme neno. Mimi ndiye niliyeongoza. Nilimwambia, mbele ya watu wote, "Samahani, wanaozungumza ni wanachama." Aliketi, akaiinamia kofia yake. Niliendelea na ratiba. Barasa, niliendelea na ratiba.

Tangu siku hiyo mama yako hunipigia kila Jumapili. Swali lake ni moja: mwanangu alisema nini mwisho? Mimi humjibu kwamba nitauliza. Lakini anayejua ni yule niliyemketisha, na kwa majuma matano sikuwa na uso wa kumwendea.

Jana nilikwenda. Aliufungua mlango nusu.

"Mzee, mimi si mwanachama."

Nilimwambia nilikosea, na kwamba mama yako anauliza maneno yako ya mwisho. Sikutaja katiba. Akanyoosha mkono.

"Lete namba ya mama. Namfanyia yeye, si wewe."

Aliufunga mlango, akampigia. Nilibaki nje na viatu vya watu vilivyovuliwa mlangoni. Nilisikia sauti yake ya chini, kisha kilio cha Okello mwenyewe. Alipotoka alinirudishia karatasi ya namba. Maneno yako ya mwisho siyajui, na sitayauliza. Hayakuwa yangu.

Leo asubuhi nimeibandika hoja yako mlangoni mwa jiko, kwa jina lako na langu. Itajadiliwa baada ya wiki mbili. Wengi wamekwisha kuniambia kwamba wataiangusha, na nadhani wanasema kweli. Wakiiangusha nitaileta tena, na nitaileta tena, hadi mkataba wangu uishe au wanichoke.

Lala salama, mwenyekiti wangu. Nilichelewa kukuita hivyo.

Katibu wako